Kupima Kabla ya Kufuta

Diski ya seva ya tovuti hujaa polepole. Kila mgeni anapofungua ukurasa, seva huandika mstari mmoja: alikotoka, alichoomba, saa aliyoomba. Kumbukumbu hizo zisipopunguzwa, siku moja diski hufika asilimia 100. Hifadhidata hushindwa kuandika na watumiaji hushindwa kuingia kwenye akaunti zao, ingawa kurasa za tovuti huenda bado zinafunguka kama kawaida.

Fundi hodari hupima kwanza. Vipimo vyake vikuu, amri za df na du, vimekuwapo tangu toleo la kwanza la Unix, mwaka 1971. Df hueleza diski nzima imebakiwa na nafasi kiasi gani. Du huingia folda moja baada ya nyingine na kufichua iliyokula nafasi. Utamu wa kazi huanza vipimo hivi vinapopingana: df inadai diski imejaa, du inakuta faili za kujaza nusu tu. Asiyejua huzidi kufuta. Ajuaye anafahamu kwamba kwenye Linux kufuta faili ni kuondoa jina lake kwenye folda. Data yenyewe hubaki maadamu ipo programu iliyoifungua. Kumbukumbu ya gigabaiti 40 ikifutwa huku seva ikiendelea kuiandika, hairudi hata baiti moja. Amri ya lsof humtaja anayeishikilia, na programu hiyo ikiwashwa upya, nafasi hurejea papo hapo.

Fumbo jingine ni la inodi, yaani rekodi inayotunza taarifa za faili. Kila faili huhitaji inodi yake, na kwenye mfumo wa faili wa ext4 idadi yake hupangwa diski inapoandaliwa. Mamilioni ya faili ndogo ndogo zilizosahauliwa huweza kuzimaliza zote huku gigabaiti zikiwa tele. Df -i huonyesha.

Kufagia vifurushi vilivyoachwa na apt, programu ya kusakinisha, au kuiachia logrotate kazi ya kupunguza kumbukumbu, hakuhitaji ufundi mkubwa. Ugumu upo kwenye faili isiyo na mwenyewe: nakala rudufu ya mtu aliyekwishaacha kazi, au folda iitwayo tu "zamani". Hakuna amri inayojua kama bado inahitajika. Fundi huulizia, huihamishia kwingine, husubiri, ndipo huifuta. Na binlogi za MySQL, yaani kumbukumbu za mabadiliko ya hifadhidata hiyo, fundi haziondoi kwa amri ya kufuta, rm, hata zikiwa kubwa namna gani. Huiagiza hifadhidata yenyewe iziondoe, kwa sababu ina orodha yake ya faili hizo.

Kwa kawaida ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa mtumiaji mkuu, ruti, ili diski ikijaa bado apate pa kufanyia kazi. Kuipunguza akiba hiyo kwenye diski ya data tupu kunakubalika. Kuiondoa kabisa kwenye diski ya mfumo ni ubahili wa kijinga.