Kukagua RD350LC iliyofufuliwa

Katika kufufua pikipiki ya zamani hakuna kazi nyepesi kama rangi, na ndiyo inayowapumbaza wanunuzi wengi. Yamaha RD350LC ilitoka mwaka 1980, ikadumu mpaka toleo la YPVS lilipochukua nafasi yake mwaka 1983. Leo hii Uingereza, nchi iliyoipenda kupita kiasi, mpaka rangi yeyote makini atakurudishia tangi lenye mng'ao wa dukani, na stika zake huchapwa upya. Ekzosi za kiwandani ndizo adimu. Silinda ambazo hazijachongwa mara kwa mara nazo ni adimu. Kwa hiyo mimi hukagua kazi kwa kutazama hela na subira ya fundi vilikwenda wapi.

Anza na namba. Kwenye 350 namba ya fremu na ya injini huanza na 4L0. Kwenye 250, ndugu yake mdogo, huanza na 4L1. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 sheria ya Uingereza ilimruhusu mwanafunzi wa udereva kuendesha pikipiki ya hadi sisi 250, hivyo 250LC zilinunuliwa kwa wingi na vijana wa miaka 17. Safari ya pistoni kwenye injini zote mbili ni ileile, milimita 54, na wengi baadaye walizifungia silinda za 350. Ukikuta 4L1 chini ya silinda kubwa, hujakuta wizi, ila umekuta pikipiki isiyostahili bei ya 350. Halafu pitisha kidole juu ya namba yenyewe. Chuma kilichosagwa na kugongwa upya kina bonde dogo ambalo rangi hailifichi.

Sasa krenki, ambayo ndiyo moyo wa ukaguzi wote. Krenki ya RD si kipande kimoja cha chuma. Ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja kwa presi, na huwezi kubadilisha konrodi, beringi au sili ya katikati bila kuitenganisha yote. Kuitenganisha si shida. Shida ni kuirudisha ikiwa imenyooka. Fundi huiweka kwenye vishikizo viwili, huizungusha polepole huku geji ya mshale ikigusa ncha yake, kisha huigonga kwa nyundo ya shaba mpaka mshale utulie. Ikiyumba zaidi ya milimita 0.05 ni kazi ya kurudiwa. Fundi anayejiheshimu haridhiki mpaka afike 0.02 au 0.03. Muulize muuzaji nani aliijenga krenki na vipimo vilikuwa vingapi. Akijibu kwamba "injini imefanyiwa kila kitu", chukulia kwamba haikufunguliwa.

Sili za pembeni zina hadithi yake. Hii ni injini ya mipigo miwili, mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza ndani ya kasha la krenki, na kasha hilo lazima libane hewa. Sili ya upande wa jenereta ikikauka, hewa huingia kwa siri, petroli inapungua kwenye mchanganyiko na pistoni hutoboka. Ya upande wa klachi ikichoka, injini hunyonya oili ya gia na kutoa moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto. Mafundi wa mashine za boti kule Pwani wanaujua ugonjwa huu vizuri kuliko wakaguzi wengi wa maonyesho ya pikipiki. Kipimo chake ni rahisi: ziba njia za kabureta na za ekzosi, pampu hewa mpaka paundi 6 kwa inchi ya mraba, uone kama inabaki pale kwa dakika 6. Aliyefanya kazi yake vizuri huwa amekwisha kupima, na hukuonyesha picha kabla hujaomba.

Silinda zina ganda la chuma ndani, hivyo huchongwa na kufungiwa pistoni kubwa zaidi, kwa hatua za milimita 0.25. Pistoni ya kwanza ina upana wa milimita 64. Iliyoandikwa 0.25 au 0.50 kichwani bado ina miaka mbele yake, ya 1.00 inakaribia mwisho, hata kama zipo za kwenda mbali zaidi. Nafasi kati ya pistoni na silinda iwe kama milimita 0.06. Kuna jambo moja linalosahaulika sana: baada ya kuchonga, kingo za matundu ya silinda lazima zilainishwe kwa mkono. Kingo kali hunasa ringi na kuivunja. Fungua ekzosi, mulika tochi kwenye tundu, utaona wazi kama kuna aliyepoteza jioni yake kwa kazi hiyo.

Kwenye spea adimu watu hubabaika. Kuna wanaoabudu boksi la zamani lenye nembo ya kiwanda, lolote liwe ndani yake. Gia, konrodi na diski za breki zilizolala miaka 40 ghalani zikiwa na grisi ni hazina. Mpira uliolala miaka hiyo hiyo ni takataka iliyofungwa vizuri: sili zimekakamaa, na mikono ya kabureta ina nyufa ukiikunja. Mpira ununuliwe mpya. Ekzosi ni kinyume chake. Zilizoigizwa hufanana kwa nje, ila koni za ndani zikikosewa, nguvu inayotakiwa kuamka kuanzia mizunguko 6,000 kwa dakika huchelewa au hupotea. Napendelea ya asili yenye kiraka kilichochomelewa kwa ustadi kuliko mpya inayong'aa na isiyojua kupumua.

Pampu ya oili iwepo na ifanye kazi. Wengi huiondoa na kuchanganya oili kwenye tangi, wakidai ni salama zaidi. Huenda, kwa pikipiki ya mashindano. Kwenye iliyofufuliwa kwa ajili ya barabara, naona ni uvivu.

Skrubu nazo husema. Pikipiki za Japani zilifungwa kwa skrubu za msalaba za kipimo cha Kijapani, na bisibisi ya kawaida huzila vichwa. Vichwa vikiwa safi, mwenye kazi alikuwa na kifaa sahihi. Vikiwa vimebadilishwa vyote kwa boliti za chuma kisichoshika kutu, pikipiki inapendeza lakini haiko tena kama ilivyotoka kiwandani, na bei ishuke kidogo.

Mwisho, mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. RD350LC haina starta ya umeme. Ni kiki tu. Gusa silinda. Zikiwa na joto, rudi siku nyingine. Zikiwa baridi, vuta choki na upige kiki mwenyewe. Ikiwaka kwa kiki ya pili au ya tatu, ikatoa moshi wa samawati unaopungua kadiri inavyopata joto, ndipo muanze kuzungumza bei.