Adui wa gari lililo hewani ni mtikisiko

Mwaka 2020 kampuni ya Marekani inayouza vifaa vya ufundi, Harbor Freight, iliwataka wateja warudishe stendi za kushikilia gari lililoinuliwa, zipatazo milioni 1.7, za chapa ya Pittsburgh, za tani 3 na za tani 6. Kalibu za kiwandani zilikuwa zimechakaa, hivyo meno ya nguzo yakatoka bila kulingana. Ulimi wa chuma unaopaswa kuzama sawasawa kwenye meno hayo ukakosa pa kushika vya kutosha. Gari likihama kidogo, ulimi ungeweza kuchomoka na nguzo ikashuka ghafla. Miezi michache baadaye stendi za tani 3 zilizoingizwa sokoni kuziba pengo nazo zilirudishwa, safari hii kwa kasoro za kuchomelea.

Uzito pekee haukuwa tatizo. Corolla ya kilo 1,200 hivi ikiinuliwa mbele, kila stendi hubeba chini ya kilo 400, mzigo mdogo kabisa kwa chuma cha tani 3. Kinachotisha ni mtikisiko, na karibu kila hatua ya kuinua gari nyumbani imewekwa ili kuuzuia.

Sakafu ndiyo ya kwanza. Mkono wa jeki ya magurudumu hupanda kwa upinde, kwa hiyo jeki yenyewe lazima isogee kidogo kadiri gari linavyoinuka. Kwenye zege tambarare husogea bila taabu. Kwenye mchanga au nyasi vigurudumu vyake huzama, na kichwa cha jeki huanza kulivuta gari pembeni. Lami iliyolainishwa na jua la mchana nayo hutobolewa na miguu ya stendi. Ubao mnene au bamba la chuma chini yake husambaza mzigo.

Magurudumu yanayobaki ardhini yana mtego wake. Handbreki ya magari mengi hushika magurudumu ya nyuma, hivyo nyuma ikiinuliwa haizuii tena kitu. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, likiwa kwenye P, gia ya kuegesha, limefungwa mbele tu. Mbele ikiinuliwa, kinga hiyo nayo imekwenda. Ndiyo maana kabari huwekwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, hata gia na breki zikiwa zimefungwa. Nati za magurudumu nazo hulegezwa kabla ya kuinua, kwani kung'ang'ana na spana gari likiwa juu ni sawa na kulisukuma.

Pa kuinulia huonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Kwa kawaida ni krosimemba (mhimili unaokatiza chini ya gari), au ukingo ulio chini ya milango, sehemu iliyotiwa alama. Jeki ikiwekwa kwingine, sampu ya oili hubonyea, na sakafu ya bodi hutoboka.

Gari likishafika juu, jeki imemaliza kazi yake. Ndani yake mzigo wote umeshikiliwa na oili iliyozuiwa na sili za raba na valvu ndogo; chembe ya uchafu kwenye valvu inatosha kuifanya oili irudi polepole. Stendi mbili huwekwa kwa urefu sawa, kisha gari hushushwa taratibu mpaka likae juu yake. Hapo fundi hukagua kama ulimi umeuma jino lote, akasimama pembeni na kulisukuma gari kwa nguvu. Kama litacheza, na licheze kabla hajaingia chini. Gurudumu lililofunguliwa hulazwa chini ya bodi, na jeki huachwa ikigusa kidogo, ili stendi ikisaliti pabaki nafasi ya mwili wa mtu.

Matofali ya saruji yenye matundu, yanayoonekana kwenye nyua nyingi, hayafai kushika nafasi ya stendi. Hubeba ukuta vizuri kwa sababu mzigo umeenea juu yake. Ncha ya chuma ikikandamiza sehemu moja, hupasuka bila kutoa ishara.

Wakati wa kushusha, gurudumu hurudishwa na nati hukazwa kwa mkono, gari huinuliwa kidogo ili stendi zitolewe, kisha valvu ya jeki hufunguliwa robo kwa robo. Nati hukazwa kikamilifu magurudumu yakiwa ardhini, kwa mpangilio wa kuvuka upande hadi upande. Kwa Corolla nyingi kipimo ni Nm 103.