Kosa ni la chati, si la mtoto

MAJUZI nilikuwa Kombani, Kaunti ya Kwale, nyumbani kwa mpwa wangu. Nilimkuta akimfunza kusoma bintiye wa miaka mitano, chati ya herufi imebandikwa ukutani. Alimwonyesha neno 'baba'. Mtoto akataja herufi kwa majina ya Kiingereza: "Bii, ei, bii, ei." Alipoambiwa aziunganishe, akasema kwa furaha, "Beibei!" Akafokewa.

"Mjomba, huyu ana kichwa kigumu," mpwa wangu akaniambia.

Nikamjibu kwamba mtoto hakukosea. Aliunganisha alichopewa.

Chati za aina hii zinafaa kuhakikiwa jinsi tunavyohakiki vitabu. Ile niliyoiona ina anwani ya Kiswahili, lakini herufi zake ni zile 26 za Kiingereza. Ina Q na X, ambazo hazimo katika alfabeti ya Kiswahili sanifu. C imesimama pekee ilhali sisi huitumia katika 'ch' tu. Nazo ch, dh, gh, ny, sh na ng' hazimo. Je, mtoto atasomaje 'chai', 'nyanya' au 'ng'ombe'?

Tatizo la pili ni kwamba jina la herufi si sauti yake. Irabu za Kiswahili ni tano tu, na husomwa vivyo hivyo katika kila neno. Hiyo ni neema ambayo Kiingereza hakina. Mtoto anayefunzwa kwamba E ni 'ii' atalisoma neno 'embe' kama 'imbi', hata kama mwembe uko uani kwao.

Ajabu ni kwamba dawa ipo papo hapo Kombani. Jioni mtoto yuyo huyo huenda chuoni, akafunzwa kwamba herufi bee ikitiwa fatha ni 'ba', ikitiwa kasra ni 'bi', ikitiwa dhumma ni 'bu'. Hiyo ni silabi, na silabi ndiyo ngazi ya kusomea Kiswahili.

Mpwa wangu alinipinga: "Lakini shuleni watamtaka Kiingereza." Ni kweli, ila hata mpango wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015, ulitenga vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza. Kila lugha ina njia yake. Majina ya Kiingereza yatakuja na Kiingereza chenyewe.

Tulikata boksi kuukuu, tukaandika vikadi vitatu: na, zi, wa. Binti akapanga 'nazi'. Tukavigeuza, akasoma 'wazi', 'nawa', 'wana', kisha 'ziwa'. Maneno matano kwa vikadi vitatu, na hakuna aliyefokewa.

Natoa tahadhari mbili. Kwanza, usimwache mtoto aimbe 'ba be bi bo bu' kwa mpangilio ule ule kila siku, maana atakariri bila kusoma. Vichanganye vikadi. Pili, akiona 'maji' akatamka 'madzi' kama bibi yake Mdigo, usimchape. Huyo amesoma na ameelewa. Mwambie tu kwamba kitabuni tunatamka 'maji'.

Mzazi, kabla hujasema mwanao ana kichwa kigumu, tazama ulichobandika ukutani. Ukiona Q ipo na 'ny' haipo, ibandue chati hiyo leo.