Ndoto ya Njoroge

Msomaji, katika riwaya ya Weep Not, Child, aliyoitoa Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1964, mtoto Njoroge ana ndoto moja, nayo ni elimu. Ni rahisi kumsifu kwa bidii yake. Lakini tazama vema, ni nani aliyejinyima? Mali ya nyumba ilitosha kumsomesha mmoja tu; Kamau, nduguye, akashika randa kwa seremala, Njoroge akashika kalamu. Baadaye wanakijiji walichanga senti zao ili aende Siriana. Yeye alipokea, akajiona mwokozi wa siku zijazo.

Hali ya hatari ilipomwondoa darasani, na baba yake Ngotho akafa kwa mateso, ndoto ilivunjika, naye akataka kuikimbia dunia. Hapa ndipo ustadi wa mwandishi unapodhihirika. Nyokabi, mama yake, anamtafuta gizani; Njoroge anakiri moyoni kuwa ni mwoga, kisha anatangulia mbio kuwafungulia mlango mama zake wawili. Tendo hilo ni dogo, lakini halikungoja kesho.

Nawe unayesomeshwa kwa jasho la wengine, jiulize: leo umemfungulia nani mlango?