Orodha Inayojua Kukataa

Ipole, wilayani Sikonge, barabara itokayo Tabora hugawanyika: moja hushika Mpanda, nyingine Rungwa. Hii ni nchi ya miombo na mizinga, na warina asali wake hawachanganyi mambo. Ya nyuki wakubwa ni nzito; ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi, ina uchachu, watu huinunua kama dawa na bei yake iko juu. Kila moja na ndoo yake.

Tuseme unaandika programu ya ghala la asali kwa Java. Utaunda aina iitwayo Asali, na chini yake aina mbili: Wakubwa na Wadogo. Kila Wadogo ni Asali, hilo halina ubishi. Je, orodha ya Wadogo nayo ni orodha ya Asali? Ukijibu upesi utasema ndiyo. Kompaila inakataa katakata, na ni ukataaji huo ninaousifu.

Mkabidhi mwenzako orodha ya Wadogo kwa jina la orodha ya Asali. Kwa jina hilo ana haki ya kutia asali yoyote, naye atatia ya Wakubwa bila kuvunja sheria hata moja. Utakayeumbuka ni wewe, siku ya kuchota. Safu za Java ziliuacha mlango huo wazi. Mlinzi wake hushtuka programu ikiwa tayari kazini, mteja akisubiri.

Hatari, basi, iko kwenye kutia. Waliobuni waliliona hilo wakaleta alama ya kuulizia. Orodha ya “aina yoyote iliyo chini ya Asali” unaruhusiwa kuchota, kupima, kujumlisha kilo. Kutia asali, hapana. Igeuze iwe ya “aina yoyote iliyo juu ya Wadogo”: tia Wadogo utakavyo, ila ukichota huna hakika umeshika nini. Ni uzuri uliobana sana, na simjui fundi aliyeuelewa siku ya kwanza.

Kabla ya Java 5 kuuleta ukaguzi huu, mwaka 2004, orodha zilibeba chochote. Ulichota kitu, ukaapa kuwa ni asali. Kikiwa nta, programu ililala chali.

Lawama ninayo moja. Ukaguzi ukiisha, kompaila hubandua lebo ya aina, na orodha iliyo kazini haiwezi kukwambia iliundwa kubeba nini. Ilifanywa hivyo ili programu za zamani zisiandikwe upya. C# mwaka 2005 ilibakiza lebo, ikalazimika kuweka makusanyo mapya kando ya yale ya zamani. Mimi ningelipa gharama hiyo.