Mtoto ana bunduki, mzazi hana

Wanaosikia kwamba Marekani kuna siku za kuwapeleka watoto kuwinda bata huulizia kwanza bunduki ya mtoto. Swali lenye faida zaidi ni hili: bunduki ya baba iko wapi? Imebaki nyumbani. Tangu 1996 serikali ya shirikisho imeyaruhusu majimbo kutenga siku ya vijana nje ya msimu wa kawaida wa bata, na baadaye zikawa siku mbili. Kila jimbo huchagua umri wake, mradi kijana asizidi miaka 17. Lazima asindikizwe na mtu wa miaka 18 au zaidi, na msindikizaji huyo haruhusiwi kuwinda bata. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoigeuza safari nzima. Mtu mzima asiye na cha kufyatua hubaki na kazi ya kutazama, kupuliza filimbi ya kuitia bata na kumshika mtoto bega.

Tuchukue Arkansas, jimbo linalolima karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani. Kandokando ya mji wa Stuttgart, ambako mashindano ya kuita bata yamekuwa yakifanyika tangu 1936, majaruba hujazwa maji baada ya mavuno na bata hushuka kwa maelfu wakitoka kaskazini. Wawindaji wakongwe hupenda zaidi misitu iliyofurika, ambako mtu husimama ndani ya maji akiegemea mti. Kundi la vijana halifai kupelekwa huko. Chini kuna mizizi na visiki, na mtoto akijikwaa, ovaroli yake ya mpira hujaa maji baridi ya Desemba. Kwenye jaruba maji ni ya kina kifupi, sakafu ni tambarare, na hapo kuna bahati njema: bata aina ya mallard hula kwa kuinamisha kichwa mkia ukiwa juu, kwa hiyo naye anataka maji yale yale mafupi anayoyataka mwenye kulinda watoto.

Maficho ya huko mara nyingi ni handaki la chuma lililozikwa kwenye tuta la jaruba. Watu hukaa humo kwa mstari, vichwa chini ya mabua. Kwa wazoefu ni starehe, kwa wanafunzi ni mtego. Bata akikata kutoka kushoto kwenda kulia, mtoto humfuata kwa mtutu, na mtutu hupita usoni mwa jirani yake. Viongozi wazuri hulimaliza tatizo kwa kanuni isiyoandikwa kwenye sheria yoyote: mmoja tu ndiye husimama. Watoto watatu au wanne wanaweza kuwa handakini, kila mmoja na mtu mzima wake, lakini bunduki yenye risasi ni moja, na hupakiwa zamu inapofika. Sheria inaruhusu hadi risasi tatu ndani ya bunduki. Mwanafunzi hupewa moja. Akishafyatua, bunduki ni tupu hata kama yeye mwenyewe amesahau kwa furaha.

Zamu hizo zinatatua jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Kiwango cha bata kwa siku ni cha mtu mmoja mmoja, hakichangiwi na kundi. Watoto watatu wakifyatua kwa pamoja na bata wawili wakaanguka, nani ameua nini? Baba mwenye huruma atamgawia mwanawe aliyekosa, na hapo somo la kwanza la uwindaji limekuwa udanganyifu mdogo. Akipiga mmoja, hesabu ni yake na fungu lake hukaa peke yake.

Baada ya hapo kazi kubwa ni umbali. Marisau ya madini ya risasi yalipigwa marufuku nchi nzima kwa uwindaji wa bata mwaka 1991, kwa sababu ndege walikuwa wakiyameza matopeni na kufa kwa sumu. Chuma kilichochukua nafasi yake ni chepesi, hivyo hupoteza kasi mapema. Mtoto naye hutumia bunduki ya geji 20 iliyofupishwa kitako, maana mshindo wa geji 12 humfanya afumbe macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Marisau mepesi kutoka kwenye bunduki ndogo: bata wa mita 40 hapo hujeruhiwa na kuruka zake akafie mbali. Kwa hiyo mipango yote ya asubuhi hulenga kumleta ndani ya mita 25.

Bata hutua akielekea upepo. Handaki likiupa upepo mgongo, atakuja uso kwa uso na wawindaji. Bata bandia hupangwa makundi mawili, na katikati huachwa uwazi wa maji mbele ya mtoto aliye zamu. Wa mwisho kabisa huwekwa kwenye mpaka wa umbali unaokubalika, na mtoto huambiwa: aliye nyuma ya yule si wako. Bata anayeingia kwenye uwazi huteremsha miguu, hupinda mbawa na kwa kitambo karibu husimama hewani. Hapo mtoto hana haja ya kukadiria alenge mbele kiasi gani, ingawa jana yake alifundishwa hivyo kwa visahani vya udongo. Filimbi isiyokoma huharibu yote haya, na wasindikizaji wasio na bunduki wana ugonjwa wa kupuliza kupita kiasi.

Mwanzoni mwa Desemba jua la huko huchomoza yapata saa moja asubuhi, na sheria inaruhusu kuanza nusu saa kabla. Kwa vijana ningeitupa nusu saa hiyo. Kiwango ni bata sita kwa siku, mallard wasizidi wanne, na majike kati ya hao wasizidi wawili. Katika giza la alfajiri kichwa cha kijani cha dume na cha kahawia cha jike vyote ni vyeusi. Kuna pia wanaokigeuza kiwango kuwa shabaha, hawaondoki hadi kitimie ili picha ipendeze. Mtoto mwenye vidole vilivyokufa ganzi hajifunzi kitu, na saa tatu ni muda mzuri wa kurudi kwenye chai na kumwonyesha namna ya kunyonyoa, akiacha ubawa mmoja wenye manyoya, kwani sheria ya usafirishaji inataka bata atambulike.

Serikali ina hamu na watoto hawa kwa sababu ya hesabu pia. Kila mwindaji wa bata wa miaka 16 na zaidi hununua stempu ya shirikisho, iliyoanza kwa dola 1 mwaka 1934 na sasa ni dola 25, na senti 98 za kila dola huenda kwenye ardhi oevu. Wawindaji wakipungua, fedha za mabwawa nazo hupungua. Lakini siku mbili hazitengenezi mnunuzi wa stempu. Msimu wa kawaida ukifunguliwa, baba hurudi handakini na bunduki yake, na mara mstari ule ule una mitutu minne iliyojaa, mtoto akiwa wa mwisho kufyatua. Wanaoandaa safari hizi wangewataka wazazi waahidi mapema asubuhi kadhaa za msimu wa kawaida kwa zamu zile zile, risasi moja, mmoja akisimama. Baba asiyekubali hilo, ni heri mwanawe aambatane na mjomba asiye na haraka.