Jinsi ya Kuitambua Prosesa Inayogawa Vizuri

Muuzaji akikwambia kompyuta ina viini 8 na nyuzi 16, usidhani umepata viini 16. Ni viini 8 tu, kila kimoja kikiendesha programu mbili kwa wakati mmoja, na programu hizo zinagombania vikokotoo vilevile, kashe ileile, foleni zilezile za amri. Kwa hiyo achana na idadi ya nyuzi, uliza zinagawanaje.

Dean Tullsen, Susan Eggers na Henry Levy wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walipoieleza mbinu hii mwaka 1995, hoja yao ilikuwa nyepesi: programu moja haiwezi kuvishughulisha vikokotoo vyote kila mzunguko wa saa, basi nafasi zinazobaki zipewe nyingine. Mwaka uliofuata wao na wenzao wakaonyesha kwamba kazi hasa ni kuchagua uzi wa kuletewa amri mpya. Kanuni yao, ICOUNT, humpa zamu yule mwenye amri chache zaidi zinazosubiri foleni. Anayekwenda mbio analishwa, anayesuasua anangoja. Kwangu mimi, hakuna kazi safi kuliko hiyo katika fani hii.

Lakini mtihani wenyewe ni uzi uliokwama. Data isipopatikana kwenye kashe, prosesa huifuata kwenye RAM, na safari hiyo hula mizunguko mamia. Muda wote huo amri zinazoitegemea zimejazana kwenye foleni, mfano wa mteja aliyekalia meza ya mgahawa akimsubiri mwenzake huku wenye njaa wamesimama mlangoni. ICOUNT peke yake haiwezi kumwinua, maana inahesabu amri tu, haijui ipi itakawia. Mwaka 2001 Tullsen na Jeffery Brown walipendekeza dawa kali: uzi ukikwama hivyo, amri zake zifutwe kwenye foleni, ziletwe upya data ikifika. Kurudia kazi ni hasara, ila ni hasara ndogo kuliko kuwakwamisha wote.

Wabunifu wengine hujenga ukuta kati ya nyuzi. Pentium 4 yenye Hyper-Threading (jina la kibiashara la mbinu hii), iliyotoka 2002, ilikuwa na nafasi 126 za amri zinazosubiri kukamilishwa; nyuzi mbili zikiwa kazini, kila mmoja ulikomea 63. Hapo hakuna wa kumdhulumu mwenzake, ni kweli, lakini uzi wenye kazi nyingi unaweza kugonga ukuta huku upande wa pili kukiwa kutupu. Zen ya AMD ya 2017 ilichanganya: foleni ya kuandika kwenye kumbukumbu imegawanywa nusu kwa nusu, kashe inagombaniwa. Mchanganyiko huo ndio ninaoupenda, kwa sababu ukuta umewekwa pale tu ambapo mmoja angeweza kumziba mwingine.

Sasa vipimo, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa changa la macho. Chukua mfano wa kubuni. Programu ya kwanza ikiwa peke yake hukamilisha amri 2 kwa mzunguko, ya pili 0.5. Prosesa moja inaziendesha pamoja kwa 1.9 na 0.1, jumla 2.0. Nyingine kwa 1.4 na 0.4, jumla 1.8. Tangazo litaisifu ile ya kwanza. Linganisha kila programu na mwendo wake ilipokuwa peke yake: kwenye prosesa ya kwanza moja imebaki na asilimia 95 na mwenzake 20, kwenye ya pili ni 70 na 80. Mimi nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Muuzaji asiyekuonyesha mwendo wa kila programu peke yake hajakuonyesha kitu.

Kuna jambo ambalo hakuna ugawaji ulio mzuri kiasi cha kulimaliza. Mwaka 2005 Colin Percival alionyesha kwamba uzi mmoja, kwa kuchungulia kashe wanayoshirikiana, unaweza kuiba ufunguo wa siri wa jirani yake. Mfumo endeshi wa OpenBSD ulizima Hyper-Threading mwaka 2018 kwa hofu za namna hiyo. Kwa hiyo kama programu zote kwenye seva ni zako, iache iwake. Kama unawakodishia watu usiowajua, usiwaweke wateja wawili kwenye kiini kimoja. Ukishindwa kuwatenganisha, andika off kwenye /sys/devices/system/cpu/smt/control ya Linux yako na ukubali kasi ipungue.